Riziki Wawili

Papa Lokwa amekufa usingizini, kitandani mwake, kwao Isangi, akiwa amekwisha kula na kuuliza kama mlango umefungwa. Habari ilinifikia Kinshasa, kazini, mchana wa Jumanne, nikiwa nimesimama mbele ya kabati la mashine za kompyuta. Kabla ya kulia nilishusha pumzi. Kufa mzee, kitandani, tumbo limeshiba, ni jambo ambalo mwaka ule wa vita hatukuthubutu kumwombea mtu yeyote. Nadège, fundi mwenzangu, aliniangalia usoni akadhani nimepata habari njema.

Siku hiyo tulikuwa tunapanga kazi za nakala za akiba za hospitali tunayoihudumia: mafaili ya wagonjwa yanakiliwe saa ngapi, picha za eksirei saa ngapi, nakala ipi ikae mwezi na ipi ikae miaka. Mashine waliyonunua ni ya aina inayoondoa marudio. Inakata kila faili vipande vidogo, na kipande ilicho nacho tayari haikiweki tena, inaandika tu kwamba kiko mahali fulani. Ndiyo maana nilikuwa nimezima ubanaji, yaani kupunguza data ukubwa, upande wa programu inayotuma, kwa sababu data ikifika imekwisha kubanwa, mashine haitambui vipande vinavyofanana na nafasi inajaa bure. Nadège aliridhika na yote hayo. Alichokataa ni kimoja. "Maman Kavira," aliniambia, "mashine inaondoa marudio yenyewe, na wewe unataka tena kopi ya pili ng'ambo ya mji, isiyoguswa, ambayo kila mwezi tuifungue kuisoma. Hiyo si kurudi nyuma?" Nilikuwa natafuta jibu simu ilipolia. Baadaye nilimwambia nitamweleza. Siku hiyo sikuweza, kwa hiyo naeleza hapa.

Mwaka 2000 nilikuwa na miaka ishirini na miwili, naishi Kisangani, mtaa wa Makiso, katika chumba cha nyuma cha depo, yaani ghala, ya tonton Kambale, mjomba wangu. Tonton alikuwa akiuza kwa jumla maharagwe, sabuni na makayabu, wale samaki wa chumvi wanaofika wamekauka kama mbao, lakini mwaka ule alikuwa amekwama Butembo na funguo aliniachia mimi. Chumba kilinuka sabuni na samaki, na hadi leo nikifungua sabuni ya mche nasikia njaa. Ukuta kwa ukuta na depo ndipo ilipokuwa ofisi yangu. Lilikuwa shirika dogo lililowatafutia wazazi watoto waliopotezana nao vitani. Wengi walikuwa wametoka msituni wakifuata reli ya Ubundu kwa miguu, wakafika Lubunga, ng'ambo ya mto Kongo, bila mtu. Familia za mjini na za mtoni ziliwapokea. Kila mtoto alikuwa na kadi moja yenye jina lake, jina la baba, la mama kama analikumbuka, miaka, alama ya mwilini, alikookotwa na anakolala. Mimi niliziingiza kadi hizo kwenye kompyuta yetu moja, umeme wa maporomoko ya Tshopo ulipokubali. Ulipokataa tulikaa na Papa Lokwa barazani tukila ndizi za kuchoma, tukisikiliza wanawake waliokuja kuuliza wakihadithiana watoto wao walivyokuwa wakaidi.

Papa Lokwa, mkubwa wangu pale ofisini, alikuwa karani wa zamani wa meli za mto. Alikunja leso yake mara nne na kuweka kofia yake kwenye msumari ule ule. Kila saa sita mchana aliniuliza swali lile lile.

"Kavira, umefanya kopi?"

"Ndiyo, papa."

"Umeifungua uone kama inasoma?"

"Papa, disketi ni ile ile ya jana."

"Ya jana ilisoma jana. Fungua."

Nakala moja ilikaa kwenye droo. Nyingine, mara moja kwa wiki, ilivuka mto kwa pirogi, yaani mtumbwi, hadi kwa Masere Odette, mtawa aliyesimamia shule Lubunga na ambaye alikuwa na kompyuta ya kuandikia mitihani. Nililalamika. Nilisema droo inatosha. "Droo iko ndani ya nyumba," alisema Papa Lokwa. "Nyumba ikiungua, droo itabakia wapi? Vuka, mutoto." Nami nilivuka, nikiwa na disketi ndani ya kopo la maziwa ya unga, nikinung'unika maji yalivyonirukia.

Shida yetu kubwa ilikuwa marudio. Mtoto mmoja aliandikwa Ubundu, akaandikwa tena Lubunga, akaandikwa mara ya tatu na familia iliyompokea, kila mara kwa tahajia yake. Orodha ilikuwa imejaza disketi nne, na disketi mpya hazikuwa zikifika tena mjini. Mwezi wa nne niliamua kutumia akili. Nikaiamuru kompyuta kwamba ikikuta jina la mtoto lile lile, jina la baba lile lile, njia ile ile aliyotokea, na miaka isiyopishana zaidi ya mmoja, basi huyo ni mtoto mmoja, ibakize rekodi yenye habari ya karibuni zaidi na nyingine ifute. Kwa wiki mbili disketi nne zikawa mbili, na nakala ya kwenye droo nikaiandika upya. Sijawahi kujiona mwerevu vile, wala kabla wala baada.

"Umelinganisha na kadi?" aliuliza Papa Lokwa.

"Ndiyo, papa."

"Zote?"

"Zile za muhimu."

Hakuna kadi hata moja niliyokuwa nimefungua. Kabati lilikuwa zito na lenye vumbi, na mimi nilikuwa na kompyuta. Papa Lokwa aliondoka kwenda matanga ya ndugu yake Isangi, akaenda na ufunguo wa kabati kama kawaida yake, na siku hiyo hiyo nikamtumia Masere Odette disketi mbili mpya pamoja na barua. Niliandika kwamba zile nne za zamani hatuzihitaji tena, shule izifute na kuzitumia. Nilijiona nimetoa zawadi.

Mama Salima alikuja Ijumaa. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyetembea kutoka upande wa Ubundu kwa siku ambazo hakuzihesabu, akaketi kwenye benchi na kunitajia mwanawe bila kupumua: Riziki, binti Ramazani, miaka sita, sikio la kulia limechanika kidogo pale hereni iliponaswa na tawi. Niliandika jina, na kompyuta ikajibu mara moja. Nilifurahi. Nilimsomea kwa sauti bila kwanza kusoma kwa macho.

"Riziki Ramazani, miaka sita, njia ya Ubundu. Kovu la moto mkono wa kushoto. Amekabidhiwa kwa baba mdogo, mwezi wa pili."

"Kovu gani?" aliuliza Mama Salima. "Mutoto wangu haiko na kovu ya moto."

Nilirudia kusoma, taratibu.

"Baba mudogo gani?" Alisimama. "Ramazani iko mutoto mumoja kwa mama yake! Haiko na ndugu. Nani alikuya kubeba mutoto wangu? Nani alimuchoma na moto?"

Nilijua. Si kwa hakika, lakini nilijua. Palikuwa na Riziki wawili, na mimi nilikuwa nimefuta mmoja. Ningeweza kumwambia pale pale. Badala yake nilimwambia kwamba mkubwa wangu mwenye ufunguo wa kabati la kadi atarudi Jumatatu, naye arudi asubuhi. Alikwenda akiwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Jumamosi na Jumapili sikumeza kitu.

Jumatatu wote wawili walifika mapema. Papa Lokwa aliweka kofia kwenye msumari, akamsikiliza Mama Salima, akatoa ufunguo mfukoni. Hakuwahi kuuingiza kwenye kufuli. Mabomu yalianza upande wa mto Tshopo, kisha upande wa pili yakajibu, na vioo vya dirisha vikatuangukia miguuni. Majeshi mawili ya nchi jirani, yaliyokuwa yameingia nchini kwetu kama marafiki, yaligombania mji wetu, nasi tulikuwa katikati yao. Tulitoka kwa mlango wa nyuma, tukaingia depo ya tonton Kambale, tukafunga.

Watu wa Kisangani wanaiita vita ya siku sita, nami siwezi kusema mengi kuihusu kwa sababu niliiona kutoka korido moja yenye upana wa magunia mawili. Tulipanga maharagwe ukutani, tukalala kati yake. Tulikuwa na pipa la maji nusu, makaa kidogo, na chakula cha kulisha kijiji. Mchana, milio ikipungua, Mama Salima alipika maharagwe kwenye sufuria moja na makayabu ambayo hatukuwa na maji ya kutosha kuyatoa chumvi, tukala midomo ikiwaka. Papa Lokwa alikula akiwa ametandaza leso mapajani. Upande wa pili wa ukuta wa nyumba ya jirani mama mmoja, ambaye sikuwahi kuuona uso wake, aliwaita watoto wake kwa majina kila baada ya bomu, nao wakaitika mmoja baada ya mwingine. Watano. Tulijifunza majina yao yote, na kila mara sisi watatu tuliacha kutafuna hadi wa tano, Pascal, aliyekuwa mvivu wa kuitika, aseme "Niko!"

Siku ya pili bomu liliangukia ofisi. Ukuta wetu ulitikisika na vumbi likajaa, kisha nikasikia harufu ambayo niliitambua kabla ya kuielewa, ya karatasi ngumu zinazoungua. Papa Lokwa alikuwa bado ameshika ufunguo. Aliutazama, akaurudisha mfukoni.

"Bon, sawa," alisema. "Kopi iko Lubunga."

Yeye aliwaza zile disketi nne za zamani, zilizoandikwa kadi kwa kadi. Mimi niliwaza barua yangu.

Mama Salima, siku zote hizo, hakuzungumzia mabomu. Alizungumzia yule mtu. Huku akichagua mawe kwenye maharagwe alimjenga polepole, baba mdogo wa uongo, jinsi alivyokuja ofisini na tabasamu, jinsi alivyomshika mtoto mkono, mahali alipomchomea. Kila siku aliongeza kitu. Siku ya nne alikuwa amefika kwenye sauti ya mtoto akilia, na mimi sikuweza tena.

"Mama," nilisema, "labda hakuna mtu. Labda hakuna aliyemchukua. Ni mimi."

Nilimweleza yote. Kwamba kulikuwa na Riziki wawili, kwamba niliwalinganisha kwa majina peke yake, kwamba mwenye kovu alikwenda kwa baba yake mdogo wa kweli, na wake yeye nilimfuta kwenye mashine bila kusoma kadi yake. Nilimtazama yeye kwa sababu sikuweza kumtazama Papa Lokwa. Mama Salima aliweka sinia chini, akanipiga begani kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Kisha akalia. Kisha akajifuta uso kwa khanga.

"Donc, basi, hakuna mutu alimuchoma?"

"Huyo mwenye kovu ni mtoto mwingine, mama."

"Donc wangu iko mahali."

"Aliandikwa. Mtu alimwona hai akamwandika. Lakini mahali alipo nimepafuta."

"Sema tena," aliniambia. "Sema tena pole pole."

Nilisema tena. Nilisema mara nne au tano siku hiyo, na kila mara alinikatiza kwenye neno hai. Ilikuwa siku ya kwanza yeye kumaliza sahani yake. Kisha nilimwambia Papa Lokwa habari ya barua niliyomwandikia Masere, naye akaikunja leso yake mara nne. "Tutavuka," alisema mwishowe. "Ukivuka utajua. Hapa utawaza tu."

Milio ilinyamaza siku ya sita. Hatukuamini. Mama wa ukutani aliita majina yake matano mara ya mwisho, Pascal akaitika, na mlango wao ulipofunguliwa ndipo na sisi tukafungua wetu. Ofisi ilikuwa kuta tatu. Kabati la chuma lilisimama limepinda, na ndani yake kadi zilikuwa majivu yaliyopangika vizuri, bado kwa mpangilio wa alfabeti. Kompyuta ilikuwa imeyeyuka upande mmoja. Siku mbili baadaye, wapiga kasia walipoanza tena kuvusha watu, tulipanda pirogi sisi watatu.

Masere Odette alitupokea shuleni akiwa na ndoo ya chokaa mkononi, maana na kwake ukuta ulikuwa umetobolewa. Alinishukuru kwanza kwa zawadi ya disketi. Nikamkatiza.

"Masere, umezifuta?"

"Mbili. Tuliweka matokeo ya mitihani. Nyingine mbili, vita ikanikuta kabla sijazigusa."

"Zipi mbili?"

Alikwenda kulileta kopo la maziwa. Nilikuwa nimezipa namba kwa kalamu: ya kwanza mji, ya pili barabara ya Ituri, ya tatu reli ya Ubundu, ya nne mto. Ndani ya kopo zilikuwamo ya tatu na ya nne, pamoja na zile mpya nilizozionea fahari. Papa Lokwa alitoa leso akajifuta shingo. Jenereta la shule liliwashwa kwa mafuta ya mwisho waliyokuwa nayo. Niliingiza ya tatu. Mashine ilikoroma, ikasita, ikakoroma tena, na Mama Salima akanishika bega pale pale aliponipiga. Kisha mistari ikapanda kwenye kioo, mingi, yenye marudio yote niliyoyachukia, na kati yake, mmoja chini ya mwingine, walikuwepo Riziki Ramazani na Riziki Ramazani. Wa kwanza ana kovu la moto. Wa pili, sikio la kulia limechanika. Analala Yanonge, kwa familia ya mvuvi, nyumba ya tatu kutoka gatini.

"Soma," alisema Mama Salima, ambaye hakujua kusoma lakini alikuwa ameona uso wangu.

Nilisoma. Masere Odette alianza kucheka, akiwa bado na chokaa mikononi, akacheka hadi akakaa chini.

Leo naweza kumwambia Nadège tofauti yake. Mashine ya hospitali hailinganishi majina. Inalinganisha vipande vyenyewe, na ikitupa kimoja ni kwa sababu kingine kilicho sawa kabisa kipo. Mimi nilitupa mtoto kwa sababu alikuwa na jina la mwenzake. Lakini hata mashine njema hupangwa na mtu, na mtu huwa na haraka, na siku moja huandika barua ya kusema kile cha zamani hakihitajiki. Ndiyo maana nataka nakala ng'ambo, isiyofutika kwa barua yangu mimi peke yangu. Miezi iliyobaki ya mwaka ule niliimaliza kwa miguu, nyumba hadi nyumba, Tshopo, Lubunga, Makiso, nikiuliza kila familia ilimpokea nani, nikimtazama kila mtoto ambaye huenda jina lake liliunganishwa na la mwenzake wa zile disketi mbili zilizofutwa. Karibu wote walikuwa kweli mtoto mmoja aliyeandikwa mara nyingi. Jozi moja tu nilikuta imekosewa, wavulana wawili wa barabara ya Ituri, na wote wawili walikuwa bado kwa familia zao za kuwapokea, wakila. Nilikaa kwenye kizingiti cha nyumba ya pili nikamtazama yule wa pili hadi akamaliza sahani. Papa Lokwa hakunifukuza kazi wala hakunihubiria. Alinunua daftari, akaandika kwenye ukurasa wa kwanza "Kavira ameona kwa macho", na chini yake nikawa naandika majina.

Lakini kabla ya hayo tulikwenda Yanonge kwa pirogi ya injini, asubuhi, mimi na Mama Salima. Riziki alikuwa gatini akiosha samaki pamoja na mke wa mvuvi. Hakumkimbilia mama yake. Alikuwa mrefu kuliko tulivyoambiwa, alikuwa amezoea Lingala, na alijificha nyuma ya kitenge cha yule mama aliyemlea mwaka mzima. Mama Salima hakumvuta. Alikaa kwenye mchanga, umbali wa hatua chache, akaomba kitana. Akasema kwa sauti ya kawaida, kana kwamba wameachana asubuhi ile, kwamba nywele hizo nani amezisuka hivyo, upande mmoja mkubwa upande mmoja mdogo. Mtoto akasogea. Akasogea tena. Mwishowe akageuka na kukaa kati ya magoti ya mama yake, mgongo ukiwa umemwelekea, kama wakaavyo watoto wote wanaosukwa, na Mama Salima alisuka kichwa kizima, machozi yakidondokea kwenye mistari ya nywele. Mke wa mvuvi aliniwekea sahani ya lituma, ndizi za kupondwa, na samaki wa mchuzi waliovuliwa asubuhi ile. Nilikula yote. Aliongeza, nikala tena, nikalamba vidole, naye akamuuliza mumewe kama huko mjini chakula kimekwisha kabisa.

Tulirudi alasiri, tukipanda mto taratibu, na mke wa mvuvi alikuwa ametufungia kwanga za njiani, mikate ya muhogo, akiwa amekwisha kulia vya kutosha. Jua lilikuwa kali, injini ilikuwa na mlio mmoja tu, na mimi, ambaye tangu Ijumaa ile sikuwa nimelala usingizi wa kweli, niliegemea bega la Mama Salima bila kuomba ruhusa. Nilikuwa nimefumba macho lakini bado nasikia, Riziki alipouliza:

"Mama, na huyu ni nani?"

Nilihisi bega la Mama Salima likijiweka vizuri chini ya kichwa changu.

"Ni mutu yetu," alisema. "Acha alale."